Miguu imevimba, mikono ina moto: kisa cha moyo unaoendeshwa na rovu, Kadutu

Mama wa miaka 52, muuza sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) katika soko la Kadutu, Bukavu, analetwa hospitalini saa tatu usiku kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na bintiye. Wiki ya tatu sasa hawezi kulala chali. Analala amekaa, ameegemea gunia la unga wa muhogo. Miguu imevimba hadi chini ya magoti. Barua ya kituo cha afya alikotoka ina mstari mmoja: moyo umeshindwa kazi, tansio (shinikizo la juu la damu). Amekwisha kuanzishiwa furosemidi 40 mg (ya kutoa maji kwa mkojo), digoksini 0.25 mg (ya kupunguza mapigo ya moyo) na kaptoprili 25 mg mara mbili kwa siku (ya kulegeza mishipa). Kabla ya hapo alitibiwa malaria mara mbili na tifoidi mara moja.

(Mgonjwa huyu si mtu mmoja. Sura yake imeundwa kutokana na namna ugonjwa huu unavyojitokeza Kivu, na namba zimepangwa ili msomaji afuate hesabu mwenyewe.)

Anayempokea anamshika mkono ili kutafuta mshipa, na mkono una moto. Kiganja kimelowa jasho. Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Moyo ulioshindwa kazi kwa kawaida huacha mikono baridi: damu haitoshi, mwili unaifunga mishipa ya ngozi ili ubongo na moyo wenyewe vipate chao. Mgonjwa mwenye maji mapafuni, miguu iliyovimba na mikono ya moto anasema jambo jingine: damu inazunguka kwa wingi kupita kiasi, na moyo umeelemewa na wingi huo. Magonjwa yanayoleta sura hii ni machache. Upungufu mkubwa wa damu, beriberi (ukosefu wa vitamini B1), njia ya mkato kati ya ateri na vena, ujauzito, maambukizi yaliyosambaa mwilini, na tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Kwa mama huyu jibu lilikuwa shingoni, chini ya kitenge: rovu (tezi ya thairoidi iliyovimba), au goita kama wengi wanavyosema Bukavu, lenye vinundu vitatu vinavyoshikika, ambalo amekuwa nalo zaidi ya miaka ishirini. Halimuumi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kulitaja, maana kwao kisiwani Idjwi mama yake alikuwa nalo na shangazi zake pia.

Vipimo vya mlangoni

Moyo ukisikilizwa kifuani unapiga mara 132 kwa dakika, bila mpangilio wowote. Mkononi yanahesabika mapigo 108. Tofauti hiyo ya 24 ni mapigo yaliyokuja mapema mno, kabla chumba cha chini hakijajaa, kwa hiyo hayakufika mkononi. Hesabu mkononi peke yake humdanganya muuguzi. Shinikizo la damu ni 152/58. Joto 37.1, kuhema mara 26, oksijeni 93 kwa mia kwenye kidole (Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo 95 au 96 kwa mtu mzima hapa ni kawaida). Uzito kilo 50, urefu sentimita 160. Mwaka jana kliniki ilimwandikia kilo 61. Karatasi ikiwekwa juu ya vidole vilivyonyooshwa inatetemeka kama jani. Macho hayajatokeza. Akichuchumaa hawezi kuinuka bila kushika kiti. Mishipa ya shingo imetutumka, na chini ya mapafu yote mawili zinasikika sauti za unyevu.

ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inaonyesha mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, na mstari wa ST, ambao hushuka msuli wa moyo ukikosa oksijeni, umeshuka milimita 1 kutoka V4 hadi V6 (nyaya za upande wa kushoto wa kifua). Hemoglobini 10.9. Potasiamu 3.4, imeshushwa na furosemidi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 124 mg/dl. Malaria hakuna, VVU hakuna, kipimo cha kifua kikuu hakioni kitu. Kolesteroli yote 104 mg/dl. Namba hii ya mwisho wengi huiruka kwa furaha, wakidhani ni habari njema, kumbe kwa mtu mzima aliyekonda huku akila vizuri ni alama ya kidole cha thairoidi: homoni huongeza vipokezi vya ini vinavyovuta kolesteroli kutoka kwenye damu.

Majibu ya homoni yalichukua siku mbili: TSH (homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi) chini ya 0.01, na homoni zenyewe za tezi, T4 huru 58 pmol/l (kawaida 12 hadi 22), T3 huru 17 (kawaida 3.1 hadi 6.8). Matibabu hayakusubiri majibu hayo. Rovu, mtetemo, mikono ya moto na mpapatiko vilitosha kuanza.

Ekografia ya moyo ilifanywa kwa swali moja kwanza: je, valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) imebana? Katika Kivu, mwanamke wa umri huu mwenye mpapatiko na maji mapafuni huenda alipata homa ya baridi yabisi utotoni, na valvu iliyobana huweza kukaa kimya miaka mingi hadi kitu kingine kiuharakishe moyo. Hapa valvu haikuwa imenenepa wala kubana, na ilifunguka vizuri. Chumba cha juu kushoto kilikuwa kimepanuka, milimita 43. Chumba kikuu cha chini hakikupanuka, na kilisukuma nje asilimia 58 ya damu yake. Aliyezoea kuamini kwamba asilimia nzuri maana yake ni moyo mzima angeandika hapo kwamba tatizo haliko moyoni.

Hesabu ya mzunguko

Njia ya kutokea damu ilipimwa sentimita 2.0 kwa upana, yaani eneo la sentimita 3.14 za mraba. Damu ilisafiri sentimita 21 kwa kila pigo, wastani wa mapigo kumi kwa sababu katika mpapatiko pigo moja halifanani na jingine. Hiyo ni mililita 66 kwa pigo. Zidisha kwa 132: lita 8.7 kwa dakika, kwa mwili wa kilo 50 uliolala kitandani. Mtu mzima mwenye afya akipumzika husukuma kati ya lita 4 na 6.

Sasa ukinzani wa mishipa. Shinikizo la wastani ni 58 jumlisha theluthi ya tofauti ya 94, yaani karibu 89. Toa shinikizo la upande wa kulia, lililokadiriwa 12, gawanya kwa 8.7, zidisha kwa 80: inatoka takriban 710 (kwa kipimo cha dyn·s/cm⁵). Kawaida ni karibu 1,500. Mishipa imelegea kiasi kwamba ukinzani umepungua zaidi ya nusu, na ndiyo maana shinikizo la chini ni 58 tu.

Mlolongo wake unaanzia kwenye joto. T3 inaingia ndani ya seli, inafika kwenye kiini, inabadilisha ni jeni zipi zisomwe. Pampu za sodiamu na potasiamu zinaongezeka, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) inaongezeka, na sehemu ya nishati inavuja kama joto bila kufanya kazi yoyote. Tishu zinadai oksijeni zaidi, joto linahitaji kutoka kupitia ngozi, na T3 yenyewe inalegeza misuli laini ya ateri ndogo. Mishipa ikilegea, figo zinaona kana kwamba damu imepungua. Zinatoa renini (kichocheo cha kupandisha shinikizo), zinashikilia chumvi na maji, na ujazo wa damu unaongezeka. Kwa hiyo moyo unapokea mengi kutoka nyuma na haukutani na kizuizi mbele. Juu ya hayo, T3 inafanya kazi ndani ya moyo wenyewe: inaharakisha chanzo cha mapigo, inaongeza vipokezi vya beta, na inaongeza pampu inayorudisha kalsiamu ghalani huku ikipunguza protini inayoizuia pampu hiyo. Kalsiamu ikirudi haraka, msuli unalegea haraka na uko tayari kukaza tena.

Ndiyo maana kaptoprili ilisimamishwa usiku uleule. Ile 152 ya juu haikutokana na mishipa iliyokaza bali na pigo lenye nguvu kwenye mishipa iliyo wazi. Kumpa mgonjwa wa namna hii dawa ya kulegeza mishipa zaidi ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, na hasara kubwa inaangukia mahali pasipoonekana, kwenye mishipa inayoulisha moyo.

Kifua kinachobana mlimani

Bintiye alieleza kwamba mama akipanda kutoka sokoni kurudi nyumbani hubanwa kifua, akisimama dakika tano hupona. Kwa mtu wa miaka 52 hilo linaitwa ateri zilizoziba hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini hata ateri zikiwa safi kabisa, hesabu ya moyo huu haiungani.

Msuli wa moyo una tabia ambayo viungo vingine havina: hata ukipumzika huchukua karibu robo tatu ya oksijeni iliyo kwenye damu inayopita. Hauwezi kuchukua zaidi kutoka damu ileile. Ukihitaji zaidi ni lazima upewe damu nyingi zaidi. Na chumba cha kushoto hulishwa hasa pale moyo unapolegea, kwa sababu unapokaza unajibana mishipa yake wenyewe.

Kwa mapigo 72, kila mzunguko una sekunde 0.83, na takriban 0.51 kati yake ni za kulegea: jumla ya sekunde 37 za kula katika kila dakika. Kwa mapigo 132 mzunguko ni sekunde 0.45. Muda wa kukaza hupungua kwa kiasi kidogo zaidi, kutoka 0.32 hadi karibu 0.24, kwa hiyo kulegea kunabaki na 0.21. Jumla ni sekunde 28 kwa dakika. Robo ya muda wa chakula imepotea.

Msukumo nao umepungua. Kinachosukuma damu kwenye mishipa ya koronari, inayoulisha moyo, ni shinikizo la chini la ateri kuu likitolewa shinikizo lililobaki ndani ya chumba. Mtu mwenye afya: 80 toa 10, inabaki 70. Mama huyu: 58 toa takriban 20, kwa sababu chumba kimejaa, inabaki 38. Upande wa pili wa mizani ni kazi. Mapigo yakizidishwa kwa shinikizo la juu hutoa kadirio zuri la oksijeni inayotakiwa: 72 mara 120 ni 8,640, 132 mara 152 ni 20,064. Kazi imeongezeka mara 2.3, muda umepungua kwa robo, msukumo umepungua karibu nusu, na damu yenyewe ina hemoglobini 10.9.

Moyo hauzimiki kwa sababu mishipa yake midogo hufunguka yenyewe inapohisi njaa, na mtu mwenye ateri safi anaweza kuongeza mtiririko mara nne au tano kutoka ule wa kupumzika. Lakini akiba hiyo mama ameshaitumia akiwa amelala. Akianza kupanda mlima wa Kadutu na debe kichwani hakuna kilichobaki mfukoni. ST iliyoshuka milimita 1 ni hilo tu limeandikwa kwenye karatasi. Kuna pia wagonjwa wachache ambao homoni nyingi huzifanya ateri zao za koronari zijikaze ghafla hata wakiwa wamepumzika. Hao maumivu yao hayafuati mlima wala ngazi, na ni rahisi kuwatuma wakatibiwe ateri zisizo na kosa.

Kuni zinazoungua ovyo

Kilo 11 katika miezi mitano. Mwili wa kilo 61 wa umri huu hutumia takriban kilokalori 1,250 kwa siku bila kufanya lolote. Thairoidi iliyopandisha kiwango hicho kwa nusu inaongeza 625 kila siku, na ugonjwa ukiwa mkali kiwango cha msingi kinaweza kufika asilimia 60 hadi 100 juu ya kawaida. Mama alikuwa anakula sahani mbili za bugari (ugali) pale alipozoea moja, na bado alikonda. Sehemu kubwa ya kilichoondoka ni msuli, ambao una maji mengi na kalori chache kwa kila kilo, ndiyo sababu uzito unashuka haraka kuliko hesabu ya mafuta peke yake ingetabiri. Mapaja na mabega hutangulia. Asiyeweza kuinuka kutoka kuchuchumaa hana uvivu.

Kwa kweli alikuwa amekonda zaidi ya kilo 11. Siku ya sita, maji yalipotoka, mizani ilionyesha kilo 46.8. Kilo 3.2 za uvimbe zilikuwa zinaficha ukondefu, na hii ni mojawapo ya sababu wagonjwa wa moyo wenye thairoidi huchelewa kutambuliwa: uzito unaonekana kushuka polepole kwa sababu maji yanaingia mlango wa nyuma.

Ndani ya moyo kuna hesabu nyingine ya kuni. Homoni inayeyusha mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu kama asidi za mafuta, na moyo hupenda kuziunguza. Ni kuni nzuri, ila kwa kila chembe ya oksijeni zinatoa nishati pungufu kidogo kuliko sukari, karibu moja ya kumi. Moyo wenye uhaba wa oksijeni umelazimika kutumia kuni zinazokula oksijeni zaidi. Pampu ya kalsiamu iliyoongezeka nayo inadai nishati kwa kila pigo, mara 132 kwa dakika, usiku na mchana. Sukari ya 124 inaingia humo humo: ini linatengeneza sukari kwa wingi, na insulini inaondolewa haraka kwenye damu. Halikuwa jambo la kuanzishia dawa za kisukari, na wiki ya kumi sukari ilikuwa 92 bila dawa.

Rovu la zamani, homoni mpya

Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, kinajulikana kwa madaktari wa thairoidi kutokana na utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1960 na watu wa kituo cha Lwiro: udongo na maji havina iodini ya kutosha, na muhogo usiolowekwa vizuri huongeza sumu inayoizuia tezi kuvuta kile kidogo kilichopo. Tezi inayokosa iodini, yaani madini joto, hupigiwa kelele na TSH miaka nenda rudi. Inakua, seli zinagawanyika, na baadhi ya vinundu vinapata hitilafu ya jeni inayovifanya vizalishe homoni bila kusubiri amri. Kwa muda mrefu havina madhara, kwa kuwa malighafi ni haba. Iodini ikija, vinaichukua yote. Chumvi yenye madini joto ilipoenea Kivu miaka ya 1990, wagonjwa wa thairoidi inayokimbia waliripotiwa hapa, hasa wazee wenye marovu ya vinundu. Hilo si sababu ya kuiacha chumvi hiyo. Bila yake watoto wa Idjwi hupoteza zaidi. Ni sababu ya kuuliza kila mwenye rovu la zamani kama moyo unamwenda mbio.

Na ni sababu ya kalamu kusimama. Usiku wa kwanza, kwenye fomu ya maagizo, amiodaroni 200 mg iliandikwa kwa ajili ya mpapatiko, kisha ikafutwa kabla ya dozi ya kwanza. Kidonge kimoja cha 200 mg kina iodini 75 mg. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Hata ukihesabu ile tu inayoachiwa mwilini kila siku, karibu 6 mg kwa kidonge, ni mara 40 ya mahitaji, na dawa yenyewe hukaa mwilini kwa miezi. Ikishaingia, dawa za kuzuia tezi hufanya kazi kwa shida. Tahadhari hiyohiyo inahusu dawa ya rangi ya kupigia picha za CT na iodini ya vidonda ikipakwa eneo kubwa.

Usiku ule na siku zilizofuata

Kwa kipimo cha Burch na Wartofsky, jedwali la pointi za ukali wa ugonjwa wa thairoidi, mama alipata 40: mapigo 20, moyo kuelemewa 10, mpapatiko 10. Dhoruba ya thairoidi, hali inayoweza kuua, huanzia 45. Kati ya 25 na 44 mtu yuko ukingoni. Homa kidogo na kuchanganyikiwa kungemvusha. Aliwekwa mahali anapoonekana, joto na mapigo kila saa mbili.

Alikalishwa wima, oksijeni kupitia pua, furosemidi 40 mg kwenye mshipa, na potasiamu ikapandishwa hadi 4.0. Mkojo ulipotoka na kuhema kukatulia, propranololi 20 mg ilianza kila saa nane, ikapanda hadi 40 mg siku ya tatu. Tusilifanye hili jepesi. Propranololi inaweza kumwangusha mgonjwa wa moyo wa thairoidi, na vifo vimeripotiwa, hasa pale msuli umeshakuwa dhaifu. Mama alikuwa na asilimia 58, shinikizo zuri na mikono ya moto. Angekuwa na asilimia 30 na mikono iliyoanza kupoa, angeanzia chini zaidi au asingeanza. Mwenye pumu haipati. Ikiwezekana kutumika, inafanya mambo mawili: inapunguza mapigo, na kwa dozi kubwa inapunguza kidogo T4 kugeuzwa T3.

Digoksini haikuongezwa. Thairoidi nyingi huitoa haraka mwilini na kuifanya ionekane haifanyi kazi, kishawishi kikawa kuongeza kidonge. Tezi ikitulia, dozi hiyo kubwa inageuka sumu, na potasiamu ya chini inaharakisha. Iliachwa 0.25 mg, ikasimamishwa wiki ya nne.

Kabimazoli 40 mg kwa siku ilianza asubuhi iliyofuata, baada ya kuhesabu chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu. Inazuia utengenezaji wa homoni, lakini ghala la tezi lina homoni ya wiki nyingi, kwa hiyo nafuu huonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita. Familia isipoambiwa hivyo huiacha siku ya kumi. Onyo alilopewa, na bintiye akalirudia mbele ya muuguzi: «Mama, koo likikuuma na homa ikaja, hata usiku, acha kidonge hiki na uje tukupime damu. Usisubiri kesho.» Kuisha kwa chembe nyeupe kunawapata wachache, kiasi cha mtu mmoja kati ya mia mbili au pungufu, wengi wao katika miezi mitatu ya kwanza.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilikuwa na mtego wake. Mpapatiko na moyo ulioelemewa vilitosha kuona hatari ya kiharusi, ila thairoidi inayokimbia huvunja haraka protini za kugandisha damu, hivyo dozi ya kawaida ya 5 mg ingeweza kumfanya atoe damu. Alianza 2 mg, INR (kipimo kinachopanda damu ikichelewa kuganda) ikafika 2.4. Wiki ya nane, dozi ileile, INR ilikuwa 1.5: tezi imetulia, protini zimerudi. Ikapandishwa hadi 4 mg, na INR kwa wiki nne ikapimwa kila wiki. Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha), mboga zinazoipunguza warfarini nguvu, hakukatazwa. Aliambiwa ale kiasi kilekile kila wiki, maana anayekatazwa mboga Bukavu huila kwa kificho Jumapili na INR inayumba.

Kurudi kwa namba

Wiki ya pili: mapigo 96, bado bila mpangilio, 138/66. Wiki ya sita: T4 huru 24, T3 huru 8, kabimazoli ikashuka hadi 20 mg. Wiki ya kumi mkono ulihesabu 78, yenye mpangilio, na ECG ikathibitisha. Hakuna aliyeurudisha mpangilio huo kwa mshtuko wa umeme. Wagonjwa wengi wa mpapatiko huu, kama watatu kati ya watano, hurudi wenyewe ndani ya miezi minne ya homoni kutulia. Kuwapiga umeme kabla ni kupoteza bidii, kwani homoni inaurudisha mpapatiko. Asiyerudi baada ya muda huo ndiye wa kufikiriwa umeme.

Wiki ya 16 ekografia ilirudiwa. Mililita 62 kwa pigo, mapigo 74: lita 4.6 kwa dakika. Shinikizo 126/76, ukinzani takriban 1,530. ST imenyooka, na anapanda hadi nyumbani akisimama mara moja tu, kusalimia. Kolesteroli 168. Uzito kilo 55.

TSH bado chini ya 0.01. Hapa ndipo kosa la mwisho hufanyika: mtu anaona TSH haijapanda, anaongeza kabimazoli, na baada ya miezi miwili mama anarudi amevimba uso, mapigo 50, mzito wa kusema. TSH iliyokandamizwa miezi mingi hulala. Inaweza kuchukua miezi kuamka. Katika kipindi hicho T4 na T3 huru ndizo zinazoongoza dozi.

Vinundu haviponi kwa kabimazoli. Dawa ikisimamishwa vinarudi kazini, tofauti na ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi yote, na ambao baadhi hupona baada ya mwaka mmoja na nusu. Iodini ya mnururisho, inayoviunguza vinundu kwa mionzi, hakuweza kuipata, kwa hiyo ilibaki upasuaji, homoni zikiwa za kawaida na mapigo chini ya 80. Matone ya Lugol (maji ya iodini), ambayo hutumika kuandaa rovu la Graves, hayakutolewa: kwa vinundu ni kuni mpya. Warfarini husimamishwa siku tano kabla. Kalsiamu hupimwa jioni ya upasuaji na asubuhi yake, sauti husikilizwa mgonjwa akiamka, na levothairoksini (kidonge cha homoni ya T4) huanza kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Kwa kilo 57 alizokuwa nazo siku hiyo, karibu 90. Kidonge hunywewa alfajiri na maji matupu, nusu saa kabla ya chai, na cha mwezi ujao kinunuliwe kabla cha mwezi huu hakijaisha.